MICHEZO NA MAISHA: Pikipiki Iliyoacha Barabara

Mvua inapokatika Rugerero, njia za udongo zinazopanda vilimani kutoka barabara kuu ya Gisenyi huwa utelezi mtupu. Hapo ndipo ustadi wa dereva wa taksi-moto huonekana: huinuka kidogo kitini, hulegeza magoti, hushika usukani bila kuukaba, akaiacha pikipiki itafute njia yake. Vijana humtazama kwa husuda. Baadhi yao, wakipata pikipiki ya kuazima, hushindana kuteremka kuelekea mto Sebeya. Mchezo wanaouiga huitwa motokrosi. Una historia, na una sheria. Bahati mbaya, vijana wameuchukua mwendo wa kasi na kuziacha sheria.

Tarehe 29 Machi 1924, huko Camberley, mji wa kusini mwa Uingereza unaopakana na chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst, wapanda pikipiki waliandaa shindano la aina mpya. Hapo awali mashindano ya porini yalipima pia uangalifu: wasimamizi walisimama penye mawe na tope, wakahesabu makosa ya kila aliyekanyaga chini. Watu wa Camberley waliwaondoa wasimamizi hao. Atakayetangulia kufika, basi, ndiye mshindi. Wakuu wa mchezo walikataa shindano hilo liitwe kwa jina la yale ya zamani, nalo likapewa jina lenye maana ya kinyang'anyiro. Mshindi alikuwa Arthur Sparks.

Baadaye Wafaransa na Wabelgiji waliufanya mchezo huo uchezwe katika uwanja mfupi wa kuzunguka, ili watazamaji waone kila kitu. Neno motokrosi lenyewe limetoka kwa Wafaransa.

Ndipo Vita Kuu ya Pili ikaja. Matarishi wa jeshi walipeleka amri kwa pikipiki katika njia zilizobomolewa na mabomu, na vita vilipokwisha, pikipiki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia. Mwaka 1947 mashindano ya timu za mataifa yalifanyika kwa mara ya kwanza, huko Wassenaar, Uholanzi. Uingereza ilishinda, na miongoni mwa wapandaji wake alikuwemo Fred Rist, aliyekuwa katika timu ya pikipiki ya Jeshi la Uingereza kabla ya vita.

Mwaka 1952 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki lilianzisha ubingwa wa Ulaya kwa injini za sentimita za ujazo 500, na Mbelgiji Victor Leloup akautwaa. Mwaka 1957 ubingwa huo ukawa wa dunia, na wa kwanza kuupata alikuwa Bill Nilsson wa Uswidi.

Mpandaji aliishije? Jeff Smith wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1964 na 1965, alikuwa mfanyakazi wa BSA, kiwanda kilichounda pikipiki yake. Mwaka 1966 Paul Friedrichs wa Ujerumani ya Mashariki alitwaa ubingwa huo kwa pikipiki ya CZ ya Chekoslovakia, yenye injini nyepesi ya mipigo miwili. Kila kiwanda kikaelewa kuwa ushindi ni biashara. Mwaka 1970 kampuni ya Suzuki ya Japani ilimchukua Mbelgiji Joël Robert, naye akashinda ubingwa wa sentimita 250 miaka mitatu mfululizo. Mwenzake Roger De Coster alianza mwaka 1971 kukusanya mataji matano ya daraja la 500. Mwaka 1972 Wamarekani waliingiza udongo katika uwanja mkubwa wa michezo wa Los Angeles. Mshindi alikuwa Marty Tripes, kijana wa miaka 16. Mchezo ukawa kazi ya mshahara.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. René Baeten, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1958, aliuawa na ajali mashindanoni mwaka 1960. Huyo alikuwa stadi wa mastadi, naye alikuwa katika uwanja uliofungwa, ambamo hapakuwa na mama mwenye mtoto mgongoni wala mwanafunzi atokaye shuleni.

Hili ndilo la kuzingatia. Tangu mwanzo, waasisi wa mchezo huu waliuondoa mbio barabarani. Baadaye ukapata uwanja wake, bendera za kuonya, na wapandaji wenye kofia ngumu na viatu virefu. Ndivyo ulivyochezwa pia katika Afrika ya Mashariki, Jamhuri Park mjini Nairobi na Busiika nchini Uganda.

Mzazi wa Rugerero asimkataze mwanawe kupenda pikipiki. Amfundishe kwanza kuifungua na kuifunga breki, kuikaza mnyororo, na kuipanda taratibu penye tope. Amnunulie kofia kabla ya kumwazimia pikipiki. Aliye askari na amweleze kuwa hata tarishi wa vitani alisifiwa kwa kufikisha barua, wala si kwa mbio zake. Dereva wa taksi-moto anayelegeza magoti kwenye utelezi ana abiria nyuma yake, na ustadi wake wote ni huo: abiria ashuke salama mlangoni kwake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.