Mazoezi ya viungo Lucky Summer: Kina mama wachague lipi?

Zamani mtu wa Pwani akisikia neno "mazoezi" alifikiria vijana wa mpira au askari wanaopiga kwata. Mama wa nyumbani hakuambiwa na mtu afanye mazoezi, kwani kazi zake zilimtosha: kuteka maji kisimani, kutwanga, kukuna nazi, na kwenda kwa miguu mtaa hata mtaa kwenye harusi na matanga. Siku hizi unga hununuliwa dukani na tui huuzwa ndani ya pakiti. Jasho limepungua, lakini mafuta ya mapishi hayakupungua.

Mabadiliko haya huonekana zaidi kwa wenzetu waliohamia Nairobi. Lucky Summer ni mtaa ulio mashariki mwa jiji, katika eneo la Ruaraka, jirani na Baba Dogo, Ngomongo na Korogocho. Majumba yamesongamana na uwanja wa wazi ni haba. Mtu hupanda matatu asubuhi, akaketi kazini au dukani mchana kutwa, akarudi usiku amechoka ingawa viungo havikufanya kazi. Ndiyo sababu madarasa ya mazoezi ya viungo, ambayo zamani yalikuwa mambo ya mahoteli na vilabu vya wenye pesa, yameingia hata katika mitaa ya Eastlands. Hilo ni jambo jema. Lakini kabla ya kusifu, yafaa tuulize: je, madarasa haya yamewekwa kwa ajili ya nani?

Swali hili si la porojo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 17.5, na kwa wanawake asilimia 38.5. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani mwao. Kwa hiyo anayehitaji mazoezi zaidi ni mwanamke, naye ndiye ambaye mara nyingi mlango wa darasa humwia mzito kuufungua.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama wa miaka arobaini na mitano aliyetoka Mombasa, sasa anaishi Lucky Summer na ana duka dogo. Daktari amemwambia presha imepanda, atoke afanye mazoezi. Mama huyu atachagua lipi?

MAZOEZI YA MUZIKI

La kwanza atakaloambiwa na jirani zake ni kuruka na kucheza kwa muziki. Mazoezi ya namna hii yalipata jina la aerobiki baada ya daktari Mmarekani, Kenneth Cooper, kutoa kitabu chake mwaka 1968. Zumba, iliyo mashuhuri zaidi leo, ilianzishwa na mwalimu wa dansi wa Colombia, Beto Pérez, katika miaka ya 1990. Faida yake ni kubwa: moyo na mapafu hufanya kazi, na saa moja hupita bila mtu kuhisi. Hasara yake ni kwamba kuruka sana huumiza magoti ya mtu mzito. Mwalimu mwema humwonyesha mgeni namna ya kukanyaga bila kuruka.

Lakini mama yetu ana mashaka mengine. Darasa ni la wanaume na wanawake pamoja, ukumbi una madirisha yanayotazama barabarani, na muziki ni ule wa vilabu vya usiku. Wapo watakaomcheka wakisema amebaki nyuma. Mimi simcheki. Mtu anayefanya mazoezi huku akivuta nguo na kutazama nani anamtazama hawezi kufaidika, wala hatarudi wiki ya pili.

NGUMI NA VYUMA

Eastlands ni nyumbani kwa ngumi tangu zamani, na Wakenya hawajasahau medali ya dhahabu ya Robert Wangila katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, kilianzishwa huko Kariobangi, si mbali na Lucky Summer, chama cha Boxgirls cha kuwafunza wasichana ngumi ili wajue kujilinda na wajiamini. Darasa la ngumi la siku hizi halina lazima ya kupigana na mtu: ni kuruka kamba, kupiga mfuko na kunyoosha mwili. Kwa binti anayerudi nyumbani jioni kwa miguu, darasa hili lina maana kuliko kupunguza unene tu.

Kunyanyua vyuma nako hudhaniwa ni kazi ya mabaunsa. Si kweli. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyomo katika damu, hivyo mwenye kisukari hufaidika akiitia nguvu. Mifupa pia huimarika, jambo muhimu kwa mwanamke aliyefikia umri wa kukoma hedhi. Jambo moja tu: mwenye presha asizuie pumzi anaponyanyua, kwani kufanya hivyo huipandisha ghafula.

YOGA

Yoga inajulikana Nairobi, hasa tangu Africa Yoga Project ilipoanza mwaka 2007 na kuwafunza vijana wa mitaa ya kawaida wawe walimu. Kwa Waislamu imezusha mjadala, kwa kuwa asili yake imo katika dini za Kihindi. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliikataza. Mwaka 2009 baraza la maulamaa wa Indonesia lilitofautisha: iliyo na maombi na nyimbo za dini nyingine ni haramu, na ile ya kunyoosha viungo tu haina ubaya. Mwenye shaka amuulize shehe wake, lakini pia amuulize mwalimu hasa kinachosemwa na kufanywa ndani ya darasa. Kunyoosha viungo na kupumua polepole hakuna dini. Yoga, hata hivyo, haimtoi mtu jasho kama kwenda mbio, na peke yake haitoshi.

KUTEMBEA KWA KIKUNDI

Lililo rahisi kuliko yote ni kutembea au kukimbia pamoja alfajiri. Halina ada wala ukumbi. Lakini Lucky Summer ina taabu yake. Jaa kuu la Dandora, lililoanza kutumiwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, liko ng'ambo ya mto. Takataka zikichomwa na upepo ukiuleta moshi, mtu anayehema kwa nguvu huvuta mwingi zaidi kuliko aliyeketi. Siku kama hiyo ni afadhali kubaki ndani. Na bila kikundi, gizagiza la alfajiri si salama kwa mwanamke.

TATIZO SI DINI

Kufika hapa wapo watakaosema kwamba ni dini inayowazuia kina mama. Hayo si kweli. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bibi Aisha anaeleza kwamba alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Na baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, naye akashindwa. Huko Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, vikundi vya mazoezi vya wanaume na wanawake hukusanyika kila tarehe 1 Januari katika bonanza la mazoezi ya viungo, na mabibi huonekana wamevaa hijabu na raba.

Tena darasa la kina mama peke yao si jambo geni kwetu. Lelemama ya Mombasa ilikuwa na vyama vyake, vyenye viongozi na mashindano, na chakacha ya harusini huchezwa na wanawake ndani ya faragha yao hadi majasho yakawatiririka. Bibi zetu walikuwa na darasa lao la viungo, ila hawakuliita hivyo.

Kinachokosekana Lucky Summer, basi, ni saa na ukumbi. Madarasa mengi huwekwa jioni kwa ajili ya mtu anayetoka ofisini, wakati mama anapika na Magharibi inakaribia. Asubuhi, watoto wakiwa shuleni, kumbi nyingi huwa hazina watu. Kina mama kumi au kumi na watano wanaojua kucheza upatu wanaweza kuchanga, wakakodi ukumbi siku tatu kwa wiki, wakamtafuta mwalimu mwanamke na kumwambia wanachotaka. Mwezi wa Ramadhani saa ibadilishwe. Isiwe sababu ya kuvunja kikundi.

Kipimo kinajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu. Ya kadiri maana yake mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kabla ya siku ya kwanza apimwe presha na sukari. Na mwalimu asiyemuuliza mgeni habari za afya yake, huyo aachwe, hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo mama yetu asichague darasa kwa sifa zake mtaani. Achague lile lililo karibu, analolimudu, ambalo ataingia kwa heshima yake na atakuwa angali analihudhuria mwaka ujao. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo wengi wetu kuinama kwenyewe kumekuwa kazi.