KALAMU YA MWALIMU: Mwaka wa Kati



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukivaa viatu baada ya sala ya Ijumaa, baba mmoja wa Irving alinishika mkono akanivuta pembeni. Binti yake alimaliza shahada ya kwanza ya biolojia mwezi wa Mei, naye amesema hataingia chuo cha udaktari wa meno mwaka huu. Atangoja mwaka mmoja. "Mwalimu," akaniambia, "nimekwisha wapigia simu jamaa wa Tanga na wa Muscat kwamba mtoto anaingia udaktari. Sasa niwaambie nini? Kwamba amekaa nyumbani?" Nilimwomba anipe muda nifikiri. Na kwa kuwa wazazi wengine, wa Dallas na wa Houston, wamekwisha niuliza jambo hilihili, nimeona jibu niliandike hapa.

Watoto wetu wana jina la Kiingereza kwa mwaka huo. Mimi nauita mwaka wa kati.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hatukuambiwa na mtu. Kwetu sisi mtoto alifanya mtihani, akangoja matokeo, kisha akapangiwa chuo. Hapa Texas mambo huanza mapema zaidi. Vyuo vya umma vya udaktari wa meno ni vinne: kimoja Dallas, kimoja Houston, kimoja San Antonio, na kile cha El Paso kilichofungua milango mwaka 2021. Vile vya Dallas na Houston ni vikongwe. Vyote viwili asili yao ni mwaka 1905. Maombi ya vyote vinne hupitia mlango mmoja uitwao TMDSAS, na mlango huo hufunguliwa mwezi wa Mei, yaani zaidi ya mwaka mzima kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Hufungwa katika majira ya kupukutika majani, ndipo usaili nao unapoendelea.

Basi mtoto aliyemaliza mwezi wa Mei bila kuomba Mei ya mwaka uliotangulia, mwaka wa kati umekwisha kumfikia, atake asitake. Ili auepuke, ingempasa awe amefanya mtihani wa DAT, amekusanya barua za walimu na amekaa saa nyingi katika zahanati akitazama madaktari wakifanya kazi, yote hayo kabla ya kuanza mwaka wa nne. Wako wanaoweza. Binti wa Irving wakati huo alikuwa bado anahangaika na biokemia, somo ambalo vyuo hivi hulidai, na jioni akifanya kazi dukani ili asaidie karo. Hakukaidi mtu. Baba yake nilipomweleza haya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mbona hakuniambia?" Nami nikamwuliza kama alimpa nafasi ya kusema.

Sisi tuliosoma Tanzania hatuna haki ya kuushangaa mwaka huu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamuru kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, ndipo aombe nafasi ya masomo. Na kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kuipinga sheria ya kujenga taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 1980. Nikalima na kukimbia mchakamchaka kwa mwaka mmoja, halafu nikapelekwa Mtwara kuwa karani katika ghala la korosho. Nilikuwa nikiandika uzito wa magunia. Wakulima wengi hawakuweza kuisoma mizani wala stakabadhi niliyowapa. Waliitazama sura yangu ili wajue kama wamedhulumiwa. Mpaka leo naamini kwamba ualimu wangu ulianzia ghalani pale.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Tulikuwa vijana watano katika nyumba moja ya kupanga. Watatu tuliingia Chuo Kikuu mwaka 1983. Wawili hawakurudi masomoni kabisa: mmoja alionja mshahara, mwingine alioa, na kila mwaka alisema ataomba mwaka ujao. Wote wawili walikuwa na akili kunizidi. Kwa hiyo mzazi anapoogopa, simcheki. Hofu yake ina watu na nyuso. Ila wenzangu wale hawakupotezwa na kungoja, bali na kungoja kusikokuwa na tarehe; na hilo ndilo nililomwambia baba yule aliulize: si kwa nini anangoja, bali siku gani anaomba, siku gani anafanya mtihani, na kazi gani ataifanya katikati.

Kazi zipo. Katika zahanati za meno za Garland, Arlington, Alief na kwingineko kijana anaweza kuajiriwa kuwa msaidizi wa daktari. Ila asiguse mashine ya eksirei mpaka asajiliwe na bodi ya serikali ya jimbo. Mshahara si mkubwa. Faida yake ni kwamba baada ya miezi sita atajua kama kweli anataka kuinamia vinywa vya watu kwa miaka thelathini, na ni bora alijue hilo kabla ya deni kuliko baada yake.

Tumefika kwenye deni. Mikopo aliyoichukua katika shahada ya kwanza, kama ni ya serikali kuu, kwa kawaida huanza kudaiwa miezi sita baada ya kuacha masomo. Asishangae barua zikifika Desemba, azijibu mapema. Pia sheria iliyopitishwa Julai 2025 imewawekea wakopaji wapya wa fani hii, kuanzia Julai 1, 2026, kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Suala la riba nawaachia wanavyuoni wetu. Mimi nasema tu kwamba akiba ya mwaka mmoja wa kazi, akikaa kwa wazazi bila kulipa kodi ya nyumba, ni kiasi ambacho hatalazimika kukikopa. Bima ya afya ya wazazi yaweza kumfunika mpaka atimize miaka 26.

Walio na watoto waliokuja kwa viza ya masomo, tahadhari. Huyo hana ruhusa ya kukaa tu. Kibali cha kazi baada ya shahada huombwa kwa muda maalumu, ni cha miezi 12, na siku za kukaa bila kazi huhesabiwa: zisizidi 90. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hajavaa joho la mahafali.

Jambo la mwisho ni letu wenyewe, na nalisema kwa uchungu kidogo. Msichana akiwa nyumbani, nyumba nzima hugundua ghafla kwamba inamhitaji. Atawapeleka wadogo zake shule, atamfasiria bibi hospitalini, atakaa dukani ami akisafiri, na kila wiki kutakuwa na posa ya kujadiliwa. Mwaka wa kati wa mvulana huitwa maandalizi. Wa dada yake huitwa nafasi. Baba wa Irving alicheka nilipomwambia hivyo, halafu akaacha kucheka.

Juzi alinipigia simu. Binti amepata kazi ya siku nne kwa wiki katika zahanati moja huko Garland, na siku ya tano ni ya vitabu vya DAT. Mama yake ameamua kwamba siku hiyo mlango wa chumba chake haugongwi. Jamaa wa Tanga wameambiwa kwamba mtoto yuko kazini kwa daktari wa meno, jambo ambalo ni kweli tupu. Wa Muscat bado hawajapigiwa.