Ugali Unasingiziwa

Mtu akisema tu kwamba anataka kupunguza mwili, ushauri wa kwanza atakaopewa ni mmoja, awe ofisini, saluni au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: acha ugali. Anayeutoa hatoi hoja, kwa kuwa haoni kama kuna la kujadili. Wanga unanenepesha, ugali ni wanga mtupu, mambo yamekwisha. Mimi nasema ugali unasingiziwa, na kusingiziwa huko kunawaumiza watu waliojikaza kweli na kujinyima kweli, kisha wakaambiwa wameshindwa kwa sababu hawana msimamo.

Tuanze na kile kinachoufanya uzushi huu uonekane kweli, maana watu si wajinga. Hawaamini kitu ambacho hawajakiona kwa macho. Ukiacha ugali, wali na viazi leo, ndani ya wiki moja mizani inaweza kushuka kilo moja na nusu au mbili. Kinachotoka ni nini? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, nayo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufika karibu nusu kilo, na kila gramu yake hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukikata wanga ghafla, mwili unaichota akiba hiyo, na maji yaliyoambatana nayo yanatoka kwenye mkojo. Sehemu kubwa ya zile kilo mbili ni hayo maji. Mafuta ya tumboni hayajaguswa sana.

Sasa tazama kinachofuata. Wiki ya tatu kuna ugeni nyumbani, au kuna arobaini ya jamaa, mtu anakula ugali kama wenzake kwa siku mbili. Akiba inajaa, maji yanarudi, mizani inapanda kilo mbili. Hukumu inatolewa papo hapo: umeona? Ugali huo! Lakini kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Unga wa mahindi wa gramu 100, ambao ukisongwa unatoa sahani ya kumshibisha mtu, una kalori kama 360. Sahani mbili za namna hiyo haziwezi kutengeneza kilo mbili za mafuta, hata kama mwili usingetumia chochote. Ugali umerudisha maji yaliyotoka, na mtu ameadhibiwa kwa kosa ambalo halikutendeka. Ndivyo imani hii inavyojitengenezea ushahidi: inakupa furaha ya uongo wiki ya kwanza na aibu ya uongo wiki ya tatu, na mara zote mbili unaona imethibitika.

Swali la pili ni rahisi zaidi. Kama ugali ndio unaonenepesha, kwa nini unene umejaa mijini? Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na wa mijini wakiwa wengi kuliko wa vijijini. Nani anakula ugali zaidi, mama wa Sumbawanga vijijini au mfanyakazi wa benki wa Dar es Salaam? Kijijini ugali ni mchana na jioni, siku hadi siku. Mjini mtu huyo huyo anayeulaani ugali anakula chapati asubuhi, chipsi mchana, wali wa nazi jioni, na kati yake ameteremsha soda.

Najua nitakavyojibiwa: mwanakijiji analima, anatembea, anachota maji. Ni kweli, na kazi ya mwili ni jambo jema kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa usingizi. Lakini haielezi kila kitu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia watu wazima 30 wa Wahadzabe, wale wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanatembea kilomita nyingi kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku ilionekana haipishani sana na ya mtu mzima wa Marekani. Na wanakula nini? Mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama, na asali nyingi ikipatikana. Wanga na sukari ya asili vimo tele katika chakula chao, na ni watu wembamba. Wasichokuwa nacho ni kikaango kilichojaa mafuta na kreti ya soda.

Uadui huu na wanga wala haukuzaliwa jikoni kwetu. William Banting, mwandaa mazishi wa London, alichapisha kijitabu mwaka 1863 akisimulia alivyopungua kwa kuacha mkate, viazi, sukari na bia. Karne moja baadaye, mwaka 1972, daktari Robert Atkins wa Marekani aliuza wazo linalofanana na hilo kwa mamilioni. Sina ugomvi nao. Waliandikia watu wa jikoni zao. Sisi tuliupokea ushauri huo, tukatafuta mahali pa mkate na viazi vyao, tukauweka ugali.

Tena hata huko wanga haukuthibitika kuwa mkosaji wa pekee. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima, moja likipunguza mafuta, jingine wanga. La mafuta lilipungua wastani wa kilo 5.3, la wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua zaidi ya kilo 20 na walioongezeka. Jambo ambalo wanaoutaja utafiti huu hulisahau ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi, yapunguze sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa, na yaachane na vyakula vya viwandani. Hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Walibadili mazoea ya kila siku, wakapungua.

Basi tuingie jikoni kwetu, tuwatafute wahusika wenyewe.

Wa kwanza ni mafuta ya kupikia, nami nitakaa hapa kwa kuwa ndipo tunapojidanganya zaidi. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi. Chukua fungu la mchicha: ukiwa mbichi, gramu 100 zake zina kalori kama 25 tu, karibu na bure. Kisha angalia unavyopikwa. Mafuta yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kwa macho, mpaka kitunguu kielee. Nusu kikombe cha mafuta ina kalori zinazokaribia 1,000. Kwa familia ya watu watano ni karibu 200 kwa kila mmoja, kwenye mboga peke yake, kabla mchuzi wa nyama nao haujamiminiwa yake. Mlaji akimaliza anasema amenenepa kwa sababu ya ugali, na mboga anaisifu kwamba ni ya afya. Na usiniambie kwamba yako ni alizeti safi ya Singida. Naipenda alizeti, naipika, lakini gramu kwa gramu nishati yake ni sawa na ya mafuta ya mawese, ya nazi na mengine yote. Ubora wa mafuta ni suala la moyo na mishipa. Kiasi chake ndicho suala la kitambi.

Chipsi ndipo jambo hili linapoonekana wazi. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hazifiki kalori 90. Gramu 100 za chipsi zinafika 300 hivi. Kiazi ni kilekile. Maji yametoka, mafuta yameingia. Nimewaona mara nyingi watu walioapa kuacha ugali wakiagiza chipsi kavu na mishikaki miwili, na juisi ya embe iliyotiwa sukari, wakiamini wako kwenye dayeti kwa sababu tu hakuna ugali mezani. Hao ndio ninaowaonea uchungu. Wameacha chakula kinachoshibisha, wakakishika kisichoshibisha, na hakuna aliyewaambia.

Wa pili ni sukari ya kunywa. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 40 hivi. Soda moja ya mililita 350 inaongeza nyingine zinazokaribia 37. Jumla yake inapita kalori 300, sawa na ugali wa gramu 85 za unga. Tofauti ni kwamba ugali ule ungekushibisha hadi jioni, na sukari ile ya kwenye kikombe na chupa imepita bila tumbo kujua kwamba limekula. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Soda moja imeshavuka kiwango hicho cha chini.

Sisemi ugali hauna kalori. Mlima wa ugali ni mlima wa ugali, na anayekula bonge la kuwatosha watu watatu kwa dagaa wanne atanenepa. Wala sembe si sawa na dona. Sembe imekobolewa, imeondolewa pumba na kiini pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Dona inabaki na vyote, na tumbo linashiba nayo mapema na kukaa nayo muda mrefu. Aliyezoea ulezi au mtama yuko mahali pazuri pia. Na mgonjwa wa kisukari, hasa anayetumia dawa au kuchoma sindano, asibadili kiasi cha wanga kwa kusikia ya jirani, au ya makala hii, kabla ya kuonana na daktari wake. Kwake wanga una hesabu nyingine.

Kuna gharama moja isiyoonekana kwenye mizani. Kwetu watu wanakula pamoja. Mama anayeacha ugali anaanza kupika vyungu viwili, kimoja cha nyumba na kimoja chake. Watoto wanauliza kwa nini mama hali. Mama mkwe akija kutembea anaona kiti cha mkwewe kitupu, anadhani mkwewe amechukizwa. Binti wa miaka kumi na miwili anasikiliza yote hayo, anajifunza kwamba chakula cha nyumbani kwao ni adui, na kwamba cha kumnusuru ni kile kilichoandikwa maneno ya kigeni kwenye pakiti. Mtu hawezi kuishi hivyo miaka kumi. Ndiyo maana anarudi alikotoka, na wakati mwingine anarudi akiwa na kilo zaidi ya alizoanza nazo.

Mabadiliko ninayoyatetea hayamtengi mtu na sinia. Mafuta yapimwe kwa kijiko: vijiko vitatu kwa chungu cha watu watano vinatosha, na mboga nyingine, kama mlenda na matembele, zinaweza kuchemshwa kwa nyanya, kitunguu na karanga kidogo za kusaga. Sukari ya chai ishuke kijiko nusu kila wiki mbili mpaka ulimi uzoee. Soda iende kwenye sikukuu, embe liliwe embe. Mboga na maharage vichukue nusu ya sahani kwanza, ndipo ugali ukatwe ukubwa wa ngumi yako. Uliwe polepole, na mtu asubiri kidogo kabla ya kuongeza, kwa sababu habari ya kushiba huchelewa kufika. Chapati iwe ya Jumapili. Yote haya anayafanya mpishi, familia nzima inapungua au inabaki salama, na hakuna anayeulizwa kwa nini hali.

Kasi yake ni ndogo. Ni kilo chache kwa miezi, na wiki ya kwanza unaweza usione kitu, kwa kuwa hukumwaga maji. Ndiyo sababu hakuna anayeyauza. Kijiko cha kupimia mafuta hakina faida kwa muuza chai ya kukata tumbo, wala kwa yule anayelipisha watu ada ya kundi la siku ishirini na moja bila wanga.

Kwa hao nina ombi moja. Mnatuonyesha picha za kabla na za baada ya wiki tatu. Tuonyesheni watu hao hao baada ya miaka miwili, wamesimama kwenye mizani ileile, na mtuambie wanakula nini nyumbani kwao.