Mwavuli wa Makuli



Nani kati yetu hajui adha ya kufika kazini? Tunatoka nyumbani gizani, tunangoja lori la shamba au basi lililojaa, na tukichelewa mshahara unakatwa. Ndiyo maana tunaandika habari ya stesheni ya Pier Head, katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza, ingawa ni mbali na ilikwisha bomolewa zamani.

Stesheni hiyo ilisimama juu ya nguzo za chuma. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1893, ikapita juu ya barabara ya bandarini kiasi cha maili 7, gati baada ya gati. Ilikuwa reli ya juu ya kwanza duniani kuendeshwa kwa umeme. Pier Head ndipo zilipofika tramu za mjini na feri za kuvuka mto Mersey.

Makuli ndio walioijua zaidi. Siku hizo kuli hakuwa na kazi ya kudumu. Alisimama na wenzake kuchaguliwa kama ng'ombe mnadani, na akikosa gati hili alikimbilia jingine. Mvua ikinyesha walijificha chini ya reli, wakaiita mwavuli wa makuli. Sisi jina hilo linatupendeza kuliko majina yote ya wakubwa yaliyobandikwa kwenye stesheni za dunia.

Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yaliipiga. Ikatengenezwa, maana meli za vita zilikuwa zikingoja watu wa kuzipakua.

Lakini reli ilikuwa mali ya kampuni. Serikali ya chama cha Labour ilipotaifisha reli za Uingereza mwaka 1948, hii iliachwa nje. Chini yake zilipita garimoshi za mizigo, na moshi wake ukawa unakila chuma miaka nenda miaka rudi. Katika miaka ya 1950 wahandisi walisema matengenezo yatagharimu pauni zipatazo milioni 2. Kampuni haikuwa nazo, na hilo hatulikatai. Iliomba msaada kwa halmashauri ya mji na wakuu wa bandari, isipate. Watu walipinga, na abiria walikuwa bado mamilioni kila mwaka. Treni za mwisho zilipita tarehe 30 Desemba 1956. Mwaka uliofuata wabomoaji wakaanza kazi, na makuli wakaachiwa mabasi ya kujipenyeza kati ya malori.

Bandari nzima ilitajirika kwa watu waliofika kazini kwa reli ile, lakini gharama ya kuwafikisha ikahesabiwa kuwa shida ya kampuni moja. Hapo ndipo kosa lilipo.

Leo behewa moja la reli hiyo limo katika jumba la makumbusho hapo hapo Pier Head. Sisi tunadai usafiri wa kwenda kazini uandikwe katika mkataba wa kila shamba na kila kiwanda, pamoja na jina la atakayelipa lori likiharibika.