Faida za mabenki na mikopo iliyooza: nani anasema kweli?

Kila ifikapo mwishoni mwa mwezi Machi, magazeti ya Nairobi hujaa majedwali ya hesabu za mabenki. Kanuni zinayataka yachapishe hesabu za mwaka mzima, nayo huchapisha. Vichwa vya habari vya siku ya pili huwa ni vile vile: benki fulani imevuna mabilioni, benki fulani imeipiku nyingine, wenye hisa watakula gawio nono. Msomaji huitazama tarakimu ya faida, kisha hugeuza ukurasa.

Sisi tunasema kwamba tarakimu hiyo ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, ipo mistari michache inayoeleza mikopo isiyolipwa na kiasi kilichotengwa kwa ajili ya hasara yake. Hapo ndipo faida inapoweza kupikwa, na hapo ndipo benki huanza kuugua kabla wenye amana hawajajua lolote.

Kwa nini tulizungumze jambo hili tukiwa mbali? Kwa sababu fedha zetu zimo humo. Mwaka 2024 pekee, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Nyingi huliwa, husomesha na hutibu, lakini nyingine hukaa benki zikingojea kiwanja au tofali la kwanza. Jamaa yetu mmoja huku, anayefanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, alikuwa na akiba ya miaka 7 katika benki ambayo hatutaitaja, siku ilipofungwa milango. Aliyeko mjini aliweza angalau kwenda kusimama mlangoni alfajiri. Yeye alipiga simu ambayo haikupokelewa. Baadaye alituuliza swali moja tu: "Mwaka jana si walitangaza faida?"

Makala haya ni jibu la swali lake.

Daftari la muuza duka

Tumchukue muuza duka wa mtaani anayekopesha unga, sukari na mafuta ya taa. Mwisho wa mwezi daftari lake linaonyesha kwamba anadai shilingi 50,000. Je, ana mali ya shilingi 50,000? Mwenyewe anajua sivyo. Mdaiwa mmoja amehama mtaa bila kuaga, mwingine amefukuzwa kazi, wa tatu kila akiona duka hupita njia ya nyuma. Muuza duka mwenye busara husema moyoni: "Hapa nihesabu 40,000." Zile 10,000 alizozitoa ndizo tutakazoziita fungu la hasara.

Benki hufanya vivyo hivyo, isipokuwa daftari lake lina mabilioni, na sehemu kubwa ya fedha ilizokopesha si zake bali ni amana za watu. Ieleweke pia kwamba fungu hili si kasha lenye noti ndani. Ni punguzo la kihesabu. Benki hupunguza thamani ya mikopo katika mizania yake, na kiasi hicho hicho hukikata katika faida ya mwaka. Faida ikipungua, gawio la wenye hisa nalo hupungua, na fedha hubaki ndani kuikinga benki siku mbaya ikifika.

Tuchukue mfano. Benki imetoa mikopo 1,000 ya shilingi 100,000 kila mmoja, yaani jumla ya shilingi milioni 100. Uzoefu unaonyesha kwamba wakopaji 5 katika kila 100 watashindwa kulipa. Hiyo ni milioni 5. Dhamana zikiuzwa kwa mnada, benki itaokoa asilimia 40, kwa hiyo hasara halisi ni milioni 3. Ikiwa faida kabla ya kutenga ilikuwa milioni 8, itakayotangazwa ni milioni 5.

Sasa mkurugenzi aseme kwamba watakaoshindwa si 5 katika kila 100, bali 2. Fungu linashuka hadi milioni 1.2 na faida inapanda hadi milioni 6.8. Hakuna aliyevunja kabati wala kughushi saini. Ni makadirio tu yaliyobadilika, lakini faida imenenepa kwa milioni 1.8, na marupurupu ya mkurugenzi huenda yakanenepa nayo.

Kanuni mbili, daftari moja

Kwa miaka mingi mabenki yalitenga fungu pale tu dalili za hasara zilipokwisha kuonekana. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliudhihirishia ulimwengu ubaya wa utaratibu huo: fungu lilikuja kama gari la zimamoto linalofika nyumba ikiwa majivu. Ndipo kanuni namba 9 ya kimataifa ya taarifa za fedha ikatolewa mwaka 2014, na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

Kanuni hiyo inaitaka benki ikadirie hasara tangu siku inapotoa mkopo. Mkopo mzima hutengewa hasara inayotarajiwa kutokana na uwezekano wa kushindwa kulipwa katika miezi 12 ijayo. Hatari ikiongezeka sana, na kwa kawaida kuchelewa siku 30 huchukuliwa kuwa dalili ya hilo, benki hutenga hasara ya uhai wote wa mkopo. Zikipita siku 90, mkopo huhesabiwa kuwa umeharibika, yaani mkopo chechefu.

Pembeni yake, Benki Kuu ya Kenya ina ngazi zake. Mkopo wa kawaida hutengewa asilimia 1, wa kuangaliwa asilimia 3, ulio chini ya kiwango asilimia 20, na ule wa mashaka au wa hasara kabisa asilimia 100, baada ya kuondoa riba iliyosimamishwa na thamani ya dhamana. Hesabu ya Benki Kuu ikizidi ile ya kimataifa, tofauti huondolewa katika faida iliyolimbikizwa na kuwekwa katika akiba ya kisheria isiyogawanywa kwa wenye hisa.

Kwenye karatasi, ukuta huo ni imara. Udhaifu wake ni kwamba kila tofali ni makadirio ya mtu. Nani anasema mkopo umechelewa? Benki. Dhamana ina thamani gani? Mthamini anayelipwa kwa kazi hiyo. Mkopaji atapona au hatapona? Benki tena.

Namna deni linavyofichwa

Njia ya kwanza ni kumpa mdaiwa aliyeshindwa mkopo mpya ili alipe ule wa zamani. Siku za kuchelewa zinarudi sifuri, daftari linang'ara, na deni limekua.

Njia ya pili ni kuupanga mkopo upya. Jambo hili lenyewe si dhambi. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu wakopaji waliokuwa wakilipa vizuri wapewe nafuu, na hadi utaratibu huo ulipokoma Machi 2021, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki kwa thamani ilikuwa imepangwa upya. Wengi waliokolewa kwa haki. Lakini chini ya mwavuli huo huo anaweza kujificha mkopo uliokuwa umekufa tangu zamani.

Njia ya tatu ni kuipandisha dhamana. Shamba la milioni 10 likiandikwa milioni 30, hasara hutoweka kwenye karatasi. Siku ya mnada ndipo inapojulikana kwamba hata barabara ya kufika huko haipo.

Njia ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni mikopo ya watu wa ndani: wakurugenzi, wenye hisa na jamaa zao. Ni karani gani atakayeandika kwamba mkopo wa bosi wake ni wa mashaka?

Haya si mawazo ya vitabuni. Hesabu za Benki ya Taifa ya Kenya za miezi 9 ya mwanzo wa 2015 zilionyesha faida. Hesabu za mwaka mzima zilipotoka, benki ilikuwa na hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 1, na sababu kubwa ilikuwa fungu la mikopo mibaya lililofura ghafla. Mwaka 2018 Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliwaadhibu baadhi ya waliokuwa viongozi wake.

Chase Bank iliwaumiza watu zaidi. Baada ya kutoa hesabu zake za 2015, siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili 2016, ilitoa hesabu nyingine za mwaka ule ule, ambamo mikopo ya watu wa ndani ilikuwa imeongezeka kwa mabilioni ya shilingi. Wenye amana wakakimbilia fedha zao. Tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wa Shirika la Bima ya Amana. Wakati huo bima ililinda shilingi 100,000 tu kwa kila mteja. Kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 500,000 mwezi Julai 2020, lakini kwa mwenye akiba ya kujenga nyumba hata hiyo haitoshi.

Je, ubaya ni tarakimu kubwa?

Mwaka 2014 mikopo chechefu nchini Kenya ilikuwa chini ya shilingi 6 katika kila 100. Mwaka 2025 ilipita 17. Msomaji atasema hali imeharibika, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Serikali kuu na kaunti zina malimbikizo ya madeni ya mamia ya mabilioni ya shilingi kwa wakandarasi na wauzaji wa bidhaa. Mkandarasi aliyekopa benki ili ajenge barabara ya serikali, asipolipwa na serikali, halipi benki. Hapo deni la serikali hugeuka kuwa shimo katika daftari la benki, na anayelibeba mwishowe ni mwenye amana na mkopaji mdogo anayetozwa riba ya juu.

Hata hivyo, sehemu ya tofauti hiyo ni ukweli uliochelewa. Tangu Gavana Patrick Njoroge aingie Benki Kuu Juni 2015, mabenki yalibanwa yaeleze mikopo yao ilivyo, na yaliyokuwa yamefunikwa yakaanza kufunuliwa. Tarakimu ndogo ya 2014 haikuwa afya kamili. Kwa mtazamo wetu, benki inayokiri mikopo mibaya mingi na kuitengea fungu la kutosha ni salama kuliko inayokiri michache na kutenga makombo.

Wapo wanaosema kwamba kulazimisha fungu kubwa kunawanyima mikopo wafanyabiashara wadogo. Hoja hiyo ina uzito, kwani kila shilingi inayotengwa hupunguza nguvu ya benki ya kukopesha. Lakini benki inayofungwa haimkopeshi yeyote.

Tusome nini?

Katika jedwali lile la Machi, ndugu msomaji, tafuta mistari mitatu. Wa kwanza ni jumla ya mikopo chechefu. Wa pili ni fungu lililotengwa. Mikopo chechefu ikiwa bilioni 10 na fungu bilioni 3, uliza bilioni 7 zilizobaki zimeegemea nini. Jibu litakuwa dhamana, na dhamana ni ahadi mpaka iuzwe. Wa tatu ni mikopo ya wakurugenzi, wenye hisa na washirika wao. Ikipanda kwa kasi kuliko mikopo ya wateja wengine, shtuka. Kisha linganisha na mwaka uliopita: mikopo mibaya ikipanda huku fungu likishuka na faida ikipaa, pana jambo.

Kwa wenye mamlaka tuna moja tu. Wakaguzi wa Benki Kuu wanapokuta fungu halitoshi, umma uambiwe mapema, usingoje kuambiwa na mlango uliofungwa. Wanaohofia kwamba ukweli utaleta taharuki wakumbuke Aprili 2016: taharuki ililetwa na ukweli uliocheleweshwa.

Jamaa yetu yule bado anakesha na wazee wa watu wengine, akianza upya kiwanja chake. Swali lake lilikuwa la haki. Ndiyo, faida ilitangazwa. Ambacho hakikutangazwa ni maradhi, na wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.