Mwendesha mashtaka wa Alameda

Vijana wetu huku Marekani wakisema wanataka kusomea sheria, jina la kwanza kutajwa ni Kamala Harris. Sawa. Lakini ofisi aliyoanzia kazi mwaka 1990, ya waendesha mashtaka wa kaunti ya Alameda, California, ilikuwa imeshatoa mkubwa mwingine, na mimi huwaambia wamsome huyo: Earl Warren.

Alikuwa mtoto wa wahamiaji, baba kutoka Norway, mama kutoka Sweden. Aliongoza ofisi ya Alameda kuanzia 1925 hadi 1939, akawa Mwanasheria Mkuu wa California, kisha gavana, na mwaka 1953 Rais Eisenhower akamteua Jaji Mkuu wa Marekani.

Ninapokwama ni mwaka 1942. Warren alikuwa mstari wa mbele kutaka watu wenye asili ya Japani waondolewe pwani. Watu wapatao 120,000 walipelekwa kambini, wengi wao raia waliozaliwa hapo hapo. Waliacha maduka, mashamba na nyumba. Sisi ambao watoto wetu wana pasipoti za huku na majina ya kwetu, hilo hatuwezi kulisoma haraka haraka. Alikuja kuandika kwamba alijuta sana, katika kitabu kilichotoka mwaka 1977, naye ameshafariki miaka 3 kabla. Kwa waliofungwa, majuto hayo yalichelewa mno.

Na ni huyo huyo aliyeandika hukumu ya 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za serikali, majaji wote 9 wakikubaliana. Mwaka 1967 akaandika ya Loving, iliyofuta sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti, zilizokuwa bado zipo katika majimbo 16. Najua nyumba kadhaa za wasomaji wetu ambazo Virginia ya wakati ule ingezipeleka kortini.

Ila ninayoipenda zaidi ni ya Miranda, 1966, iliyopita kwa kura 5 dhidi ya 4. Mtu aliyeshtaki watu miaka yote ile ndiye aliyeamuru kwamba polisi wakikukamata, kabla ya kukuhoji wakwambie una haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Asiye raia naye anayo. Wanangu niliwafundisha maneno hayo, kwa Kiingereza na Kiswahili, kabla hawajapata leseni ya udereva.