Kadi ya bima: uliza ungali mzima

Kuna swali ambalo wakazi wengi wa mijini huliuliza wakiwa wamechelewa. Huliuliza wakiwa wamesimama mbele ya dirisha la mapokezi, mtoto ana homa kali mgongoni, au wakati jamaa yao ameshapandishwa kitandani na karani anaitisha amana. Swali lenyewe ni hili: "Je, hospitali hii inakubali bima yangu?"

Ni swali zuri, lakini wakati wake si huo. Maoni yangu kama daktari ni kwamba kuuliza habari za bima ni sehemu ya kinga, sawa na chanjo. Huulizwa mtu akiwa mzima, ana nafasi ya kupiga simu na kusubiri jibu. Mtu akishazidiwa, linalopaswa kutangulia ni kujua hospitali iliyo karibu iko wapi.

Yafaa ieleweke kwamba kadi ya bima si pesa. Noti ya shilingi 1,000 hupokelewa popote nchini, lakini kadi hupokelewa tu pale ambapo hospitali na bima wana mkataba, na mikataba hiyo hubadilika. Hospitali iliyokutibu mwaka jana huenda leo haimo katika orodha.

Mifano tunayo hapa nyumbani. Hazina ya NHIF, iliyoanzishwa 1966, ilikoma kulipia wagonjwa wapya pale Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipoanza kazi Oktoba 1, 2024. Aliyekuwa na kadi ya zamani bila kujisajili upya alijikuta hana bima. Februari 2025 hospitali nyingi za kibinafsi zilisitisha huduma za SHA zikidai malimbikizo ya madeni. Agosti mwaka huo huo serikali ilisimamisha makumi ya hospitali na zahanati kwa madai ya udanganyifu. Wagonjwa waliokuwa wamezoea kutibiwa humo hawakuwa na kosa lolote, lakini wao ndio waliopaswa kutafuta pengine pa kwenda.

Bima za kampuni za kibinafsi nazo hazina kinga dhidi ya misukosuko kama hiyo. Aprili 2022 kampuni ya Resolution Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na waliokuwa wakitegemea kadi zake wakalazimika kutafuta njia nyingine. Isitoshe, mwajiri wako anaweza kuhamia bima nyingine mwanzoni mwa mwaka, na orodha ya hospitali ikabadilika bila wewe kusoma barua aliyokutumia.

Kukubali si kulipa yote

Hata hospitali ikikwambia kwamba inakubali kadi yako, usidhani mambo yamekwisha. Neno "tunakubali" lina maana nyingi. Pengine inakubali kwa wagonjwa wanaolazwa lakini si kwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Pengine inakubali kwa kujifungua lakini si kwa upasuaji wa mifupa au kwa meno.

Chukua mfano wa mama mjamzito mwenye SHA. Katika viwango vilivyochapishwa na serikali, SHA hulipa shilingi 10,000 kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida na shilingi 30,000 kwa anayejifungua kwa upasuaji. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi ya hapo, anayejazia pengo ni mama mwenyewe au mumewe. Karani aliyesema hospitali inakubali SHA hakudanganya. Ni kwamba hakuulizwa tofauti itakuwa shilingi ngapi.

Aidha, katika hospitali nyingi za kibinafsi madaktari bingwa hawaajiriwi na hospitali. Hutoza ada zao kando. Hivyo basi, hospitali inaweza kuwa ndani ya orodha ya bima yako, lakini daktari mpasuaji au yule wa nusukaputi asiwemo. Mgonjwa hulijua hilo siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, anapoletewa bili ya pili.

Kuna pia suala la idhini. Bima nyingi hazilipii upasuaji uliopangwa, picha za gharama kubwa au kulazwa hadi hospitali iandike kuomba idhini na kujibiwa. Matibabu yakifanywa kabla ya jibu, bima inaweza kukataa kulipa. Ukiwa na ugonjwa wa tangu zamani, kama kisukari au shinikizo la damu, hakikisha umeuelezea katika fomu ulipojiunga na kwamba muda wa kungoja umekwisha. Anayeficha ugonjwa wake kwa kuogopa ada kubwa hujichimbia shimo mwenyewe.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga. Piga simu hospitalini na kwa bima yako, kwa maana kila upande hujua jambo ambalo mwingine hajui. Uliza haya:

Kwanza, je, mkataba wenu ungali hai leo, na unahusu tawi hili? Hospitali zenye matawi huwa na mikataba tofauti, na tawi la Westlands huenda halifanani na la Embakasi.

Pili, je, unahusu huduma ninayoihitaji, iwe ni kulazwa, kujifungua, kusafishwa figo au meno?

Tatu, bima italipa kiasi gani, na mimi nitaongeza ngapi kutoka mfukoni?

Nne, je, ada za madaktari zimo?

Tano, je, idhini inahitajika, huombwa na nani, na huchukua muda gani?

Sita, mwaka huu nimebakisha kiasi gani? Familia nyingi hugundua kwamba kikomo kimeisha mnamo Novemba, wakati ambapo watoto wanakohoa.

Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Jibu lisilo na jina ni vigumu kulitetea baadaye.

Kwa wenye SHA, hakikisha usajili wako na wa wanaokutegemea kwa kubonyeza *147# katika simu yako. Kumbuka kwamba huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba hulipiwa na hazina tofauti ya serikali. Kinachohitajika ni uwe umesajiliwa. Kulazwa na upasuaji ndiko kunakohitaji ada yako iwe imelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, naye asiye na ajira hulipa kulingana na hali yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Ukiwa na kikohozi ukaenda moja kwa moja hospitali kubwa, usishangae ukitakiwa kulipa mwenyewe.

Wakati wa dharura usizunguke

Hapa ndipo nina jambo zito zaidi la kusema. Wako wagonjwa ambao hupitishwa mbele ya hospitali mbili au tatu, ndani ya teksi, kwa sababu jamaa zao wanaitafuta ile "inayokubali kadi". Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda mfupi kuliko safari ya kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi jioni yenye msongamano. Mtu aliyepooza upande mmoja ghafla huhitaji kufika mapema, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mtoto anayetetemeka kwa degedege, mtu anayebanwa na kifua, aliyegongwa na gari. Hawa wote wapelekwe kwenye hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kuwasaidia. Habari za kadi zitafuata.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na kuimarisha hali ya mgonjwa na kupanga ahamishiwe kwingine inapobidi. Mgonjwa akishatulia, unaweza kuomba ahamishiwe hospitali iliyo katika orodha ya bima yako. Ijulishe bima mapema iwezekanavyo, kwa sababu nyingi huweka muda maalum wa kuarifiwa.

Hospitali nazo ziwajibike

Hata hivyo, si haki mzigo huu wote uwe juu ya mgonjwa. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2015 kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa ajili ya bili kulikiuka haki zao za kikatiba. Tangu hapo tumezungumza sana kuhusu namna mgonjwa anavyotoka hospitalini. Sasa tuzungumze kuhusu namna anavyoingia.

Kila hospitali ibandike mlangoni, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, orodha ya bima inazozikubali, na ibadilishe orodha hiyo siku mkataba unapobadilika. Mgonjwa aandikiwe makisio ya gharama kabla ya upasuaji wowote uliopangwa, pamoja na kiasi atakachoongeza mwenyewe. Bima nazo ziwatumie wanachama ujumbe mfupi hospitali inapoondolewa katika orodha. Simu ambayo hutukumbusha ada kila mwezi haishindwi kutuletea habari hiyo.

Mpaka hayo yafanyike, msomaji, jisaidie. Wikendi hii keti na mwenzako mchague hospitali mbili: moja iliyo karibu kwa ajili ya dharura, na nyingine iliyo na mkataba na bima yenu kwa matibabu ya kawaida. Zipigie simu, uliza maswali yaliyo hapa juu, kisha bandika majina na nambari zao mahali ambapo hata yaya na watoto watayaona. Rudia zoezi hilo kila bima yako inapofanywa upya.